Mahindi Matupu Ni ya Kuku

Hapa shuleni makande ni Jumatano na Jumamosi. Nayaita makande kwa heshima ya mpishi tu, maana ukweli ni kwamba tunakula mahindi yaliyowahi kusikia habari za maharage. Juzi nilipata maharage manne kwenye sahani moja, nikawaita wenzangu waje washuhudie. Tukayapa vyeo: dada mkuu, kiranja wa usafi, kiranja wa chakula, na lile la nne lililopasuka tukalipa umatroni. Matroni mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Kesho yake asubuhi nikafagia uwanja wote wa mstarini, na baridi ya Iringa mnaijua, ile inayoingia kwenye soksi na kukaa humo kama mpangaji.

Nikawa nafagia huku nacheka. Halafu kicheko kikakata chenyewe, nikajikuta namkumbuka bibi. Bibi angepewa sahani ile angeirudisha dirishani na kumuuliza mpishi, "Hiki chakula au mbegu za kupanda?" Nikakumbuka na ghala la Uyole, na likizo ile ambayo wanawake wa mtaani kwetu walikaribia kukosa kazi kwa sababu ya maharage ya bibi yangu.

Nilikuwa kidato cha pili. Nyumbani kwetu ni Uyole, Mbeya, upande ule ambao ukitema mate kwa nguvu yanafika barabara kuu. Bibi, mama yake bi mkubwa wangu, yaani mama aliyenizaa, alikuwa ameletwa kwetu kutoka kijijini kwake, huku huku Iringa, baada ya kuanguka shambani na kuumia nyonga. Alikuja na mafurushi mawili, moja la nguo na moja la maharage. La nguo ndilo lilikuwa dogo. Maharage yenyewe kablanketi, yale ya kijivu kinachoelekea zambarau, yana mabaka kama blanketi lililofuliwa na nguo za rangi. Alisema ya Mbeya hayaamini.

Miezi miwili ya kwanza alikaa dirishani. Hakulalamika, na hilo ndilo lilitutisha. Alikuwa anaangalia malori. Jioni bi mkubwa akirudi anamkuta na taarifa: "Leo ya mafuta yamepita mengi kuliko ya mbao." Basi. Mtu aliyeshika jembe toka akiwa mtoto, ukimwona amekaa anakuletea hesabu ya malori, moyo lazima uruke. Chakula akawa anaonja tu. Na utani akaacha, yaani mimi nilimwita mke mwenza mara tatu asubuhi moja, hakuniitikia hata kwa tusi.

Jirani na sisi kulikuwa na ghala. Mwaka ule lilijaa mahindi ya msaada. Msaada si wa kuja kwetu, wa kutoka kwetu: mahindi yanaletwa kutoka kwa wakulima wa Mbeya na Iringa na huko kwingine, yanamwagwa juu ya turubai, wanawake wanayachambua kwa mkono, mawe huku, mabovu huku, chenga huku, halafu yanapimwa na kufungwa kwenye mifuko myeupe kwenda kwa watu waliokimbia vita Kongo. Wanawake wenyewe walikuwa wa mtaani kwetu, wamejipanga kikundi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja Mnyakyusa mwenye sauti ya kuitia mabasi, sote tulimwita Mwenyekiti, hata watoto wake. Juu yao kulikuwa na msimamizi wa ghala, mwanamume aliyevaa koti la kazi la bluu na ambaye aliwahi kuchimba dhahabu Chunya. Dhahabu hakupata, alipata kikohozi na tabia ya kuangalia kila punje kwa kuifumbia jicho moja.

Siku moja bibi akaomba apelekwe akasalimie. Nikampeleka. Tulikuta umeme umeyumba, mashine ya kushonea mifuko imekufa kama kawaida yake, na mifuko iliyojaa imesimama wazi mstari mzima. Bibi akasalimia "Kamwene" kwa wote, wale wasiojua Kihehe wakaitikia walivyoweza. Halafu akaiangalia mifuko, akasonya.

"Gunia gani linasimama mdomo wazi hivi, kama linasubiri kulishwa? Leteni sindano."

Msimamizi akacheka kidogo, kwa adabu ya kumdharau mzee. Sindano ya gunia ikaletwa. Bibi akashona. Mshono wake ulikuwa wa zamani, unaacha masikio mawili kwenye pembe za mfuko, mpakiaji anashika hapo na mfuko haumtoroki. Wapakiaji walipojaribu mfuko wa kwanza, mmoja wao akasema huu ndio mfuko, ile mingine ya mashine ni kama kubeba samaki hai. Kesho yake wakamwekea kigoda karibu na mizani. Kuanzia siku hiyo bibi akawa anaamka kabla ya jogoo wa jirani, anagonga mlango wangu kwa fimbo, anadai chai, anasema sukari kidogo, anasema sukari nyingi, anamsema bi mkubwa, anamsema marehemu babu. Tukampata tena.

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza nikakabidhiwa kazi ya kumsindikiza.

"Mke mwenza, tembea kama mtu," ananiambia njiani. "Unaburuta miguu kama umeibiwa viatu."

"Bibi, mwenye fimbo hapa ni nani?"

"Hii si ya kutembelea. Ni yako, nimekubebea tu."

Pale ghalani sikuwa na jina zuri, nakiri. Wiki ya kwanza tu nilifanya jambo. Kulikuwa na kibati kilichotobolewa maandishi, unakiweka juu ya mfuko, unapaka rangi, ukikiondoa unasomeka SI YA KUUZA, ili msaada usije ukaonekana sokoni. Sasa msimamizi alikuwa na kawaida ya kusinzia baada ya chakula, amelala kifudifudi juu ya meza yake, mgongo uko wazi, umenyooka, wa bluu. Nani angeuacha? Nilipaka taratibu. Akaamka, akaenda sokoni kununua parachichi, akazunguka soko zima la Uyole na SI YA KUUZA mgongoni, na wauza viazi wakamsindikiza kwa macho mpaka geti. Alipojua, akanifukuza kuzunguka ghala mara mbili, kikohozi kikamshinda. Mwenyekiti akaniita pembeni, akanishika mkono kwa heshima kabisa, akanishukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, mwanangu. Nilikuwa nishaanza kuulizia bei."

Kwa hiyo ilipofika siku ya mkaguzi, mimi nilikuwa mtuhumiwa kabla ya kosa kutokea.

Mkaguzi alikuwa kaka mmoja mpole kutoka Dar, amevaa masweta mawili na bado anatetemeka. Alikuja na bambo, ule mchuma wenye mfereji na ncha kali: unachoma mfuko, punje zinateremka kwenye mfereji, unaona kilichomo bila kufungua. Malori yalikuwa yanatakiwa yaondoke wiki hiyo hiyo. Wanawake wote walisimama wamekunja mikono ndani ya khanga. Akachoma mfuko wa kwanza karibu na mdomo, akakinga sinia. Mahindi meupe, masafi, na katikati yake punje tatu za zambarau.

"Hii nini?" akauliza.

"Harage," akasema msimamizi, kwa sauti ya mtu anayetambulishwa kwa shemeji asiyemtaka.

Akachoma wa pili. Mawili. Wa tatu, manne. Wa nne hakuna kitu, watu wakapumua. Wa tano, matatu. Mkaguzi akaweka bambo chini, akavua miwani, akaifuta kwa sweta la juu, halafu kwa sweta la chini.

"Mama zangu," akasema, "mahindi mazuri. Lakini mzigo wenye nafaka nyingine ndani mimi siwezi kuupitisha. Nikisema kweli kwenye karatasi, unarudi. Na ukirudi mara moja, wenye mzigo wanahamishia kazi ghala lingine. Sipendi, lakini ndivyo ilivyo."

Nje lori likashusha gia. Halafu msimamizi akageuka polepole kama mnara, akanikazia jicho lile la Chunya.

"Wewe."

"Mimi nini?"

"Mikono yako."

Nikanyoosha mikono. Ilikuwa safi, kwa maana ya kesi ile tu. Kweli kabisa nilikuwa sijui kitu, na nilikuwa nimeanza kufurahia, maana si kila siku unasingiziwa jambo ukiwa huna hatia. Ndipo Mwenyekiti akaingilia. Alikuwa anapita kwenye mstari wa mifuko, anaishikashika.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ule usio na kitu umeshonwa na mashine. Yenye maharage ni hii yenye masikio."

Nikaangalia tena kwenye sinia. Zambarau. Mabaka. Maharage yale yale niliyokula jana jioni, na juzi jioni. Nikageuza shingo. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, hatua kumi hivi, anashona. Sindano haikusimama hata kidogo. Mfuko wa nguo aliouvaa kiunoni chini ya khanga, ule aliosema wa ugoro, ulikuwa umevimba kuliko ugoro wa ukoo mzima.

Nitasema nilichoona wakati ule, ingawa ilikuwa ni kufumba na kufumbua. Niliona kigoda hakina mtu. Niliona dirisha letu, na bibi ndani yake, na taarifa ya jioni: leo ya mafuta yamepita mengi kuliko ya mbao.

"Ni mimi," nikasema.

Sijawahi kuaminiwa haraka namna ile, hata siku nilizosema kweli. Hakuna aliyeniuliza nimeyapata wapi, nimeyatiaje, kwa nini kwenye yenye masikio tu. Msimamizi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyepata dhahabu hatimaye. Mwenyekiti akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayesoma mfuko ulioandikwa vibaya. Mama mmoja nyuma akasema, "Mchezo mwingine jamani una watoto wa watu ndani yake," na hiyo ikaniuma, kwa sababu nilijua watoto wenyewe, mmoja nilikuwa nakaa naye dawati moja.

Bibi akakata uzi kwa meno.

"Mwongo huyo," akasema.

Watu wakageuka.

"Huyo kupika maharage hajui, atajua kuyagawa? Anataka kunilia sadaka yangu mchana kweupe." Akanigeukia mimi. "Mke mwenza, ukitaka sifa, lima ya kwako."

"Bibi, nyamaza," nikamwambia kwa Kihehe changu kibovu.

"Nyamaza mwenyewe. Na hicho Kihehe kiache."

Akashika fimbo, akasimama, jambo ambalo lilichukua muda wake na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Akamuuliza mkaguzi, "Baba, wewe ndiye unayepeleka haya mahindi?"

"Mimi nakagua tu, bibi."

"Haya. Hao watu wanayala na nini?"

Mkaguzi akataka kujibu, bibi akamnyooshea kidole kwamba bado.

"Mahindi matupu ni ya kuku. Mtu ukimpa mahindi matupu umemwambia nini? Kwetu hatutoi hivyo. Hata ukimpa mgeni debe, unatia na konzi ya maharage juu, ili ajue ulimfikiria akiwa mbele ya chungu. Sasa mimi nafunga mfuko wa mtu, mtu mwenyewe kakimbia vita, kaacha hata chungu, nifunge hivi hivi? Mkono unakataa."

"Bibi, lakini utaratibu..."

"Subiri. Mimi nilishapokea." Hapa sauti ikashuka, ikabidi tusogee. "Mwaka ule wa njaa, lori lilikuja kijijini na mahindi ya njano. Yametoka mbali sana, ng'ambo huko. Tulishukuru. Tukapika. Mama yake huyu alikuwa mdogo hivi, nikamwekea bakuli, akakaa mbele yake. Akaniuliza, mama, mboga iko wapi? Nikamwambia iko njiani. Kesho tena akauliza, nikamwambia iko njiani. Tulikula ya njano matupu mpaka mvua zilipokuja, na yule mtoto kila siku anaangalia barabarani."

Bi mkubwa wangu hakuwahi kunisimulia hilo. Nilikuwa namjua kama mtu anayekataa kununua sketi ya njano, nikadhani ni ushamba.

Mkaguzi alikuwa ameshavaa miwani yake. Akasema kwa upole wake wote, "Bibi, hawa hawatakula matupu. Wanapewa na maharage, na mafuta, kila kitu na mfuko wake. Maharage yapo njiani."

Hata mimi niliona amekanyaga pabaya.

"Hilo neno nalijua," akasema bibi. "Nimewahi kulisema mwenyewe."

Mkaguzi akawa mwekundu kwa kiasi mtu mweusi anachoweza. Halafu, na hili namsifu mpaka leo, hakubisha. Akasema, "Twende nikakuonyeshe."

Kumbe lori la maharage lilikuwa limeegeshwa mita chache tu, ng'ambo ya barabara kuu, linasubiri haya mahindi yetu ili mizigo iondoke pamoja. Alikuwa amelikagua asubuhi. Basi tukavuka barabara, msafara mzima: bibi mbele na fimbo, mimi nimemshika kiwiko, mkaguzi na bambo lake, msimamizi anakohoa, na Mwenyekiti amesimama katikati ya lami ameinua mkono, malori ya Tunduma yanafunga breki. Dereva wa lile lori tulimkuta chini ya kivuli cha tela lake anakula viazi. Alipoona kundi lile likimjia na mchuma wenye ncha, akaacha viazi.

"Shikamoo bibi," akasema haraka.

"Marahaba. Fungua."

Akafungua turubai. Mkaguzi akataka kuchoma, bibi akanyoosha mkono aletewe bambo. Nikampa bega, akachoma mfuko mwenyewe, kwa nguvu ambayo nyonga yake ilikuwa inatuficha. Maharage yakateremka kiganjani mwake. Mekundu, madogo. Akayageuza. Akayanusa. Akatia moja kinywani, akaling'ata kwa yale meno ya upande yaliyobaki, tukasikia kak, akatema.

"Ya zamani haya," akasema. "Yatakula kuni zao zote."

"Lakini yamo," akasema mkaguzi.

"Yamo," bibi akakubali. Akamgeukia dereva. "Huko wana kuni?"

"Bibi, mimi naishia ziwani. Nashusha, nageuza. Naona maji tu na mlango wa stoo."

"Hujawahi kuwaona wanaokula?"

"Hata siku moja."

Bibi akamtazama yule dereva kwa huruma kubwa, kama vile yeye ndiye mkimbizi.

Mkaguzi akatupa siku mbili. Akasema ataandika kwamba alikuta kazi haijaisha, ambayo ni kweli, kwa sababu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza upya. Mifuko yote yenye masikio ikafunguliwa, na aliyefumua mishono ni bibi mwenyewe, mmoja mmoja. Wanawake wakamwaga mahindi juu ya turubai na kuokota zambarau kutoka kwenye nyeupe. Walimsema, sitadanganya. Walimsema kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, kwa Kiswahili, wengine kwa kupitia kwangu: "Mwambie bibi yako mwakani atie na nyama." Bibi masikio yake husikia anachotaka, akawa anaitikia "Asante" kwa yote. Mimi nilikaa kwenye turubai siku zote mbili mpaka vidole vikaacha kunitambua. Mwenyekiti alikaa karibu yangu. Kitu kimoja tu aliniambia, bila kuinua macho:

"Siku nyingine ukitaka kudanganya kwa ajili ya mtu, muulize kwanza kama anataka."

Maharage tuliyookota yalijaa nusu debe. Siku ya pili mchana, mzigo ulipopita, Mwenyekiti akayaosha na kuyachanganya na mahindi yaliyokataliwa kwa kuvunjika, ikapikwa sufuria moja kubwa nyuma ya ghala, na vitunguu, na parachichi za msimamizi zikakatwa juu. Tulikula wote, wapakiaji, dereva, mkaguzi na masweta yake. Makande yale. Nikikumbuka harufu yake hapa kwenye foleni ya shule, sahani ya plastiki mkononi, nafikiria kuacha shule kabisa. Yalikuwa mazito, yana moshi, na maharage yalikuwa yanapasukia ulimini. Mkaguzi aliongeza mara mbili. Bibi akamwambia, "Umeona? Hayo ndiyo mahindi."

Ilibaki kesi ya kigoda. Msimamizi alitaka bibi apumzike nyumbani, ndivyo alivyosema, apumzike, na mimi nikahisi dirisha linanijia. Mwenyekiti akasema kikundi ndicho kinachojua nani ashone. Wapakiaji nao wakasema bila masikio hawabebi. Mwisho msimamizi akatoa hukumu ambayo nadhani aliiona kali sana: bibi aendelee, lakini kila asubuhi apekuliwe getini, na wa kumpekua niwe mimi. "Mhalifu amchunge mhalifu," akasema, akakohoa kwa furaha.

Basi likizo yote iliyobaki ikawa hivyo. Asubuhi ukungu haujainuka, kundi zima linapita getini, na mimi nimesimama naamuru, "Mikono juu, mke mwenza." Bibi anainua mikono kama mwizi wa kuku, na fimbo yake juu. Napapasa kiunoni, kwenye fundo la khanga, ndani ya sweta. Ananitekenya mimi. Tunacheka mpaka Mwenyekiti anatutukana. Karibu kila siku nilikuwa nakuta kitu: majani ya chai, mfupa, siku moja jiwe lililofungwa vizuri kwenye karatasi na kuandikwa kwa mwandiko wa bi mkubwa HUKUTARAJIA. Kumbe na bi mkubwa alikuwa ameingizwa kwenye njama.

Siku ya mwisho ya mzigo nilikuta kablanketi. Konzi moja, kwenye fundo la khanga. Nikasimama na mkono wangu juu ya lile fundo, watu wanasubiri nyuma. Bibi hakuwa anatania. Aliniangalia tu.

"Yapo njiani, bibi," nikamnong'oneza. "Uliyaona mwenyewe. Uliyang'ata."

Akafungua fundo, akanimiminia kiganjani. Hakubishana. Nilitamani abishane. Ilikuwa mara ya kwanza maishani bibi kunitii, na niliingia ghalani nikiwa nimeshiba kitu kibaya.

Msimu ulipokwisha nyonga yake ilikuwa imekaza, akasema sasa anarudi kwake, mashamba yake yanaota majani na majirani wanafurahi. Akarudi. Ghala siku hizi lina mbolea, ukipita pua inawasha. Wanawake wametawanyika, Mwenyekiti anauza ndizi stendi na sauti yake imepata mahali pake. Mimi nikaletwa kusoma bweni hapa Iringa, bi mkubwa alisema ni kwa ajili ya elimu, lakini najua niliwekwa karibu ili nimchungulie bibi. Mara moja kwa mwezi napewa ruhusa naenda.

Kila nikienda, kabla sijaweka begi chini, ananiuliza, "Wale watu walipata mboga?"

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Nilimwambia sijui, bibi. Nilimwambia yule dereva alishapita tena Uyole, bi mkubwa akamuuliza, akasema alishusha mahindi, akashusha maharage, mlango wa stoo ukafungwa. Bibi anasema "Ehee," halafu anageuza uso kuelekea barabarani. Kijijini kwake lori hupita moja kwa siku, labda. Lakini anageuza.

Jumamosi iliyopita nilipokwenda nilimkuta jikoni anapukuchua maharage. Hakungoja hata salamu.

"Wale watu walipata?"

"Walipata," nikasema. "Dereva kapita Uyole juzi, kamwambia mama. Safari hii alikutana nao."

Mikono ikasimama. "Wakasemaje?"

Nilikuwa nimeshaandaa kwamba walishukuru sana, kwamba waliimba, kwamba wanamsalimia. Kisha nikaona anavyonitazama, nikakumbuka kwamba huyu alishapokea, anajua watu wanaopokea husema nini lori likishaondoka.

"Walilalamika," nikasema. "Wanasema magumu. Yanakula kuni."

Bibi akaweka ganda chini. Uso wote ukakunjuka, sijauona hivyo toka siku za getini.

"Si niliwaambia?" akasema. "Kaka yule na machuma yake, niliwaambia." Akaendelea kupukuchua, haraka kuliko mwanzo, zambarau zinaruka kwenye ungo. "Mwambie dereva awaambie wayaloweke kwanza, usiku mzima. Maji ya moto, siyo ya baridi. Na kifuniko wasifunuefunue."

"Nitamwambia."

"Na wewe uandike. Unasahau."

Nikatoa daftari la baiolojia kwenye begi, nikaandika.